Nani Anatikisa? Kauli ya Kutendeka na Uchunguzi wa Mtikisiko wa Magurudumu na Breki katika Barabara ya Doldol

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo lina mawingu yake: usukani unaocheza mikononi, kiti kinachotetema, kanyagio la breki linalopigapiga unyayo. Makala haya yanadhamiria kueleza hatua za kutambua chanzo cha mtikisiko wa gari katika mwendo wa kasi, na kuonyesha jinsi lugha ya dereva inavyoweza kumwongoza fundi au kumpotosha.

Mazingira yaliyoteuliwa ni Doldol, mji mdogo wa Laikipia ulioko kaskazini mwa Nanyuki. Msomaji huenda akauliza gari la spoti linatafuta nini huko. Jibu limo katika historia ya Kenya yenyewe. Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, lilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Aghalabu gari la aina hiyo huwa na springi ngumu, na magari ya spoti ya siku hizi huwa pia na tairi pana zenye ukuta mfupi. Kwa hiyo hasara ndogo ambayo pikapu huimeza kimyakimya, gari la spoti huitangaza. Hata hivyo, kanuni za uchunguzi ni zile zile kwa magari yote mawili.

2.0 Kitenzi kama kidokezo

Dereva afikapo gereji husema, "Usukani unatikisika." Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka. Kauli hii hutaja hali na kumficha mtenda: jambo limetokea, lakini aliyelitenda hatajwi. Kwa mchunguzi, huo ni mwanzo mwema, kwa kuwa dereva ameeleza alichokihisi bila kumhukumu yeyote. Kazi ya fundi ni kuirudisha sentensi katika kauli ya kutenda: nini kinatikisa?

Dereva mwingine husema, "Diski imepinda." Huyu hakuleta dalili, ameleta hukumu. Fundi akiikubali, atauza diski mpya, na huenda mtikisiko ukarudi baada ya majuma machache. Ndiposa fundi stadi huuliza maswali matatu kabla ya kushika spana. Je, unatikisika katika mwendo gani? Je, ni wakati wote au unapokanyaga breki tu? Je, unauhisi wapi: mikononi, kitini au unyayoni?

3.0 Mtikisiko usiotegemea breki

Mtikisiko unaoanza gari likifikia kilomita 80 au 100 kwa saa, bila breki kukanyagwa, kwa kawaida humwelekeza fundi kwenye mizani ya magurudumu. Ukihisiwa usukanini, magurudumu ya mbele hushukiwa kwanza. Ukihisiwa kitini na sakafuni, hushukiwa ya nyuma.

Hesabu ndogo itafafanua sababu. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde gari likienda kilomita 100 kwa saa. Uzito wa gramu 20 tu uliozidi upande mmoja wa ringi hulivuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3, mara 14 kila sekunde. Mwendo ukipunguzwa kwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Hii ndiyo sababu gari laweza kutulia kwenye changarawe na kuanza kutikisika likifika lami ya kutoka Nanyuki kuelekea Naro Moru.

Hapa mazingira ya Laikipia yana somo lake. Udongo mweusi wa sehemu nyingi za uwanda huo hunata mvua inyeshapo na kuwa mgumu kama tofali ukikauka. Tope likigandamana upande wa ndani wa ringi, mizani huvurugika ilhali gurudumu ni zima. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni maji na brashi, wala si fedha. Mtikisiko ukisalia, fundi achunguze tairi na ringi. Tairi lililovimba ubavuni lisiendeshwe tena, kwani linaweza kupasuka. Kisha abadilishane magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikiwa yana ukubwa sawa: mtikisiko ukihama, mkosaji ni gurudumu, ukibaki palepale, zichunguzwe beringi na viungo vya usukani. Beringi mbovu kwa kawaida huvuma zaidi ya kutikisa, na mvumo wake hubadilika gari likatapo kona.

4.0 Mtikisiko wa kukanyaga breki

Mtikisiko unaotokea breki inapokanyagwa tu ni habari nyingine. Mara nyingi unene wa diski haulingani mzunguko mzima. Tofauti ya sehemu chache za mia ya milimita hutosha kulisukuma kanyagio. Ni nadra diski "kupinda" kwa maana halisi ya neno hilo. Aghalabu kutu au uchafu umekaa kati ya diski na habu, au nati zimekazwa bila ulinganifu. Diski huyumba, nayo pedi huila upande mmoja polepole. Pengine pedi ya moto imeacha alama kwenye diski, dereva aliposhuka mteremko mrefu kisha akasimama na kuendelea kukanyaga.

Basi habu isafishwe, myumbo upimwe kwa geji, na nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Diski mpya ikifungwa juu ya kutu ya zamani, ugonjwa hurithiwa. Isisahaulike pia kuwa gari lenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge hupigapiga kanyagio katika breki ya ghafla; hiyo ni kazi yake, si maradhi.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa kosa la lugha laweza kuzaa kosa la ufundi. Dereva wa Doldol aliyebeba abiria hupoteza fedha anaponunua diski asiyoihitaji, na huweka roho rehani anapoambiwa tairi lililovimba ni "balansi tu". Inapendekezwa, basi, kwamba dereva aseme alichohisi, lini na wapi, na jina la mkosaji aliache hadi ushahidi upatikane. Wanafunzi wa Kiswahili nao wasiidharau gereji. Humo kauli za vitenzi hazifundishwi kwa ajili ya mtihani. Hutumiwa kuamua ni gari gani litakalorudi barabarani.