Siku za Mwanzo Ugenini: Nasaha kwa Mwanafunzi Anayekwenda Madina

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wapo vijana wa pwani yetu wanaojaaliwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1381 Hijria (1961). Wazazi huwatayarishia sanduku na kanzu, lakini wachache huwatayarisha kwa siku za mwanzo, nazo ndizo nzito. Tumeona tuwausie mambo manne.

1. SALA
Njiani msafiri hupunguza sala na kuzijumuisha. Lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake hukatika kwa kufika tu. Kwa hiyo mwanafunzi akishafika asali sala kamili. Adhuhuri ni rakaa nne. Na aulize kibla kabla ya kutandika mswala: kwetu twaelekea kaskazini, lakini Makka iko kusini ya Madina.

2. UPWEKE
Usiku wa tatu au wa nne, harakati zikitulia, kijana hukumbuka nyumbani akaona imani yake imepungua, kwani vipi atahuzunika naye yuko mji wa Mtume? Ndugu mwanafunzi, Muhajirina walipofika mji huo huo, Sayyidna Abubakar na Bilal (R.A.) walishikwa na homa, na Bilal akaitamani Makka, mabonde yake na majani yake. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimuomba Allah awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi kutamani kwenu si dhambi wala udhaifu. Iombe dua hiyo, kisha utoke chumbani uende msikitini.

3. LUGHA
Chuo kina kitengo cha kufundisha Kiarabu kwa wasiokuwa Waarabu. Aliyekuwa akifundisha wadogo zake hapa chuoni kwetu huenda akapangwa humo, akaanza na "hiki ni nini?" Asione haya, wala asitafute njia ya kuruka. Kujua kanuni za nahau ni jambo moja, na kumfahamu mwalimu anayesomesha saa nzima kwa Kiarabu ni jambo jingine. Hata dukani atasikia "fen" pahala pa "ayna". Anayejenga msingi hupoteza miezi. Anayeuruka huteseka miaka.

4. WENZIO
Wanafunzi wa kwetu watakupokea, na hiyo ni neema. Lakini ukila, ukilala na kuzungumza Kiswahili tu, utamaliza mwaka ukiwa bado uko nyumbani. Mtume (S.A.W.) alimuunga udugu Abdurrahman bin Auf, Mmakka, na Saad bin Rabii wa Madina. Saad alitaka kumpa nusu ya mali yake; Abdurrahman akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akaanza kuuza samli na jibini. Pokea msaada wa kuonyeshwa njia, kisha tembea kwa miguu yako.

KWA WAZAZI
Saa za Madina na za kwetu ni sawasawa, basi mpangieni wakati maalumu wa kuzungumza, si kila saa. Mama asimwambie kwenye simu kuwa tangu aondoke hali wala halali. Maneno hayo kijana huyabeba mpaka darasani. Na msimuagize pesa. Chuo humpa malazi na posho, lakini makaratasi ya ukaazi huweza kuchukua muda, na kijana huona haya kusema kuwa hana kitu. Mpeni akiba ya kutosha kabla hajapanda ndege, na mumuulize waziwazi: "Mwanangu, umekula?"

Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu na awarejeshe na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.