Ufa: Andika Kwanza, Ziba Baadaye

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni kweli. Lakini ziko nyumba ambazo ufa huzibwa kila mwaka, na ukuta unaanguka vilevile. Fedha ya pamba inanunua saruji, fundi anapiga lipu, mvua zikija ufa uleule unafunguka. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa hauko ukutani. Uko chini, kwenye msingi. Basi leo tujifunze namna ya kuutibu.

KWA NINI NYUMBA INAZAMA?

Msingi unabeba kuta na paa. Nao msingi unabebwa na ardhi. Ardhi ikilegea upande mmoja, msingi unashuka upande huo na ukuta unapasuka.

Sehemu nyingi za Mwanza, Shinyanga na Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu ukinywa maji unavimba. Ukikauka unasinyaa, nyufa zake mnaziona shambani kila kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa mwaka hadi mwaka.

Hata kwenye udongo wa kichanga maji yanaleta hasara. Maji ya bati yakidondoka karibu na ukuta huchimba ardhi kidogo kidogo. Maji ya kuogea yakimwagwa palepale kila siku hulegeza udongo. Tena mkaratusi uliopandwa karibu na nyumba hunyonya maji ya ardhini, na udongo wa mbuga unasinyaa.

HATUA YA KWANZA: KALAMU NA RULA

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunacho chombo cha kupima ugonjwa huu. Chora alama moja kila upande wa ufa. Kila tarehe mosi pima kutoka alama hadi alama, kisha andika kwenye daftari, hivi:

Juni 1: milimeta 40
Julai 1: milimeta 40
Agosti 1: milimeta 42

Endelea mwaka mzima, masika na kiangazi. Kisha soma daftari lako:

1. Kipimo hakikubadilika kabisa: nyumba imetulia. Sasa ziba ufa, hutapoteza fedha.
2. Kipimo kinapungua wakati wa mvua na kuongezeka wakati wa kiangazi: udongo unavimba na kusinyaa. Shughulikia maji kwanza.
3. Kipimo kinaongezeka tu: msingi bado unashuka. Kama ufa ulio karibu na kona ni mpana zaidi juu kuliko chini, huenda kona hiyo ndiyo inayozama.

Lakini angalia! Ufa ukifikia upana wa kidole, au timazi ikionyesha ukuta umeinama, usingoje daftari. Hamisha watoto walale kwingine leo hii, halafu mwite fundi. Ukuta hauna huruma usiku.

HATUA YA PILI: FUKUZA MAJI

Kazi hii ni ya jembe na chepe, haina gharama kubwa. Jaza udongo na kuushindilia kuzunguka nyumba ili ardhi iteremke kutoka ukutani, sentimeta 10 kwa kila meta 2. Chimba mfereji mbali kidogo na ukuta, usiuchimbe chini ya ukuta. Peleka maji ya kuogea mbali. Nyumba nyingi zinapona hapa hapa.

HATUA YA TATU: KUONGEZA MSINGI

Kama msingi bado unashuka, itabidi kuuongeza chini mpaka ufike ardhi ngumu. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, na fundi mwenye uzoefu. Kwanza egemeza ukuta na paa kwa nguzo imara.

USICHIMBE CHINI YA UKUTA WOTE KWA MARA MOJA. Utakuangukia! Chukua mfano wa ukuta wa meta 6. Ugawe vipande 6 vya meta moja moja, uvipe namba. Chimba kipande cha 1 na cha 4 tu. Mimina zege: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Acha nafasi ya sentimeta 7 hivi chini ya msingi wa zamani. Kesho yake au keshokutwa, shindilia humo mchanganyiko mkavukavu wa saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 3, mpaka ujae kabisa. Ngoja siku 7, huku zege likimwagiliwa maji kidogo. Ndipo uchimbe cha 2 na cha 5, na mwisho cha 3 na cha 6. Hivyo ukuta unabaki umekalia ardhi siku zote.

Nyumba ya tofali mbichi isiyo na msingi haifai kwa kazi hii. Afadhali kubomoa kona iliyozama na kuijenga upya, safari hii juu ya mawe. Na kama ardhi ngumu iko mbali sana chini, piga hesabu: pengine gharama itazidi bei ya nyumba yenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji ya nyumba yako yanakwenda wapi mvua ikinyesha?
2. Ukuta una urefu wa meta 9. Ukiugawa vipande vya meta moja, utachimba namba zipi kwanza?
3. Kwa nini si vizuri kuziba ufa kabla ya kuupima?

Mkishajadiliana, chukueni rula mkapime. Tarehe mosi haiko mbali.