Upasuaji wa kupunguza unene: nimwone bingwa lini?

Swali: Daktari, nina kilo 104, urefu mita 1.65, na kisukari. Kujinyima chakula kumenishinda. Nimwone bingwa?
Mama, Rongo, Migori

Jibu: Ndiyo, mama, usingoje. Kilo zako ukizigawa kwa urefu mara urefu, unapata 38. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na wewe una kisukari tayari. Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay. Ukishapimwa sukari na presha, omba barua ya kwenda Kisumu au Nairobi. Kumwona bingwa si kukubali kisu! Muulize hasa kuhusu kliniki za baadaye: vitamini utameza maisha yote, na ujauzito husubiri angalau mwaka. Dawa za kukata tumbo zinazouzwa steji, tafadhali ziache.