Mtoto Akichagua Masomo ya Sanaa



Katika somo hili tutazungumza juu ya masomo ya sanaa katika shule za sekondari. Mtoto anarudi nyumbani na karatasi ya kuchagua masomo. Humo mmeandikwa: uchoraji, muziki, sanaa za maonyesho. Mzazi anasoma, anakunja uso. Anauliza, "Hivi nimeuza mbuzi ili mtoto akajifunze kupiga ngoma? Si anaiona hapa hapa kijijini?"

Kuuliza si ujinga. Ni kweli kwamba hapa Tanzania shule za sekondari za serikali hazitozi ada. Kidato cha kwanza mpaka cha nne ada iliondolewa mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari na nauli ni juu ya mzazi. Tena mtoto akiwa shuleni, shambani mkono mmoja umepungua. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kujua: mtoto atafundishwa nini, na kitamsaidia nini?

Tuanze basi.

1. SANAA NI NINI?

Sanaa ni kazi ya ustadi ya mikono, sauti au mwili. Hufanywa ili watu waone au wasikie, wafurahi, wafikiri, au wakumbuke jambo.

Shuleni sanaa zinagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni sanaa zinazotazamwa: kuchora, kuchonga, kufinyanga, kusuka, kutia nakshi nguo. Fungu la pili ni sanaa za maonyesho: ngoma, nyimbo, michezo ya kuigiza, kusimulia hadithi.

Siku hizi mtu akidanganywa husema, "Wananifanyia usanii." Maneno hayo yamelichafua jina la kazi hii. Msanii wa kweli hana pa kujificha. Chungu kikivuja, kila mtu anaona. Ngoma ikipigwa vibaya, wachezaji wanasimama.

2. DARASA LA KUCHORA NA KUFINYANGA

Jambo la kwanza katika darasa la kuchora ni kutazama. Mwalimu anaweka mtungi mezani. Anasema, "Chora." Mwanafunzi mgeni anachora mdomo wa mtungi kama duara, kwa sababu anajua kwamba mdomo wa mtungi ni duara. Lakini amekaa ubavuni. Kwa ubavuni jicho halioni duara. Linaona umbo lililobanwa, kama yai lililolazwa. Mwalimu anamwambia, "Usichore unachokijua. Chora unachokiona."

Hebu wewe msomaji ujaribu. Simama barabarani, tazama nyumba iliyo mbali. Funga jicho moja. Nyosha mkono na uinue kidole gumba mbele ya jicho. Kumbe kidole kimefunika nyumba nzima! Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Mwanafunzi hujifunza kupima jambo hilo na kulichora, ndipo picha yake ionekane kama barabara ya kweli inayokwenda mbali.

Baadaye hufundishwa rangi. Njano na buluu zikichanganywa hutoa kijani. Nyekundu na njano hutoa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu hutoa zambarau. Mwenye rangi tatu tu anaweza kupata nyingi, akijua kuchanganya. Huo ni uchumi pia, maana rangi ni ghali.

Katika ufinyanzi hujifunza kwa nini chungu hupasuka. Udongo mtupu ukikauka haraka hunywea vibaya na kupata nyufa. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, na chungu hukaushwa polepole kivulini. Kikichomwa kingali na maji ndani, maji hugeuka mvuke, mvuke unatafuta njia, chungu kinavunjika.

Akina mama wafinyanzi watacheka wakisoma haya. Watasema, "Sisi tunayajua tangu utoto." Kweli kabisa. Lakini darasani mwanafunzi huulizwa kwa nini, naye huandika jibu. Akienda mahali penye udongo wa namna nyingine, anajua pa kuanzia.

Tena kutazama na kupima si kwa mchoraji peke yake. Mshonaji anayekata kitambaa, seremala anayetengeneza kabati, mwashi anayesoma ramani ya nyumba, wote wanatumia jicho na mkono uliofundishwa.

3. DARASA LA MUZIKI NA MAIGIZO

Wasomaji wengi mmeimba kwaya. Mnajua do, re, mi, fa, so, la, ti. Katika somo la muziki mwanafunzi hujifunza kuandika sauti hizo, na pia kuziandika kwa alama juu ya mistari mitano. Alama zinaonyesha sauti ipande au ishuke, ikae muda gani, inyamaze wapi.

Ninyi mliohitimu kisomo mtaelewa utamu wa jambo hili kuliko wengine. Asiyejua kusoma akipata barua humtafuta mtu wa kumsomea. Siri yake inapita mdomoni mwa mwingine. Akijua kusoma, anaifungua mwenyewe. Nyimbo nazo zina kusoma na kuandika kwake. Wimbo ulioandikwa huweza kuimbwa na mtu wa mbali ambaye hajawahi kuusikia. Bibi anayejua nyimbo za mavuno akifariki, nyimbo huzikwa naye. Mjukuu aliyesoma muziki anaweza kukaa naye jioni na kuziandika.

Katika maigizo, wanafunzi huanza na pumzi. Hujifunza kutoa sauti ifike kwa aliyekaa nyuma, bila kupiga kelele. Hujifunza kusimama bila kutapatapa, kukumbuka maneno, na kungoja zamu. Mmoja akichelewa mazoezi, wote wanakwama. Hapo wanafunzwa kazi ya ushirika kwa vitendo.

Mfano mmoja ni mchezo wa Kinjeketile. Uliandikwa na Ebrahim Hussein na ukachapishwa mwaka 1969. Unahusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 hadi 1907, wazee wetu walipopigana na Wajerumani. Mwanafunzi wa historia anaweza kukariri miaka hiyo na kuisahau baada ya mtihani. Anayeigiza hawezi. Lazima ajiulize: Watu hawa waliogopa nini? Walitumaini nini? Kwa nini waliyaamini maji?

Na tutazame mikutano yetu ya kijiji. Mara ngapi mtu mwenye neno zuri anakaa kimya kwa sababu anaogopa kusimama? Hasa wasichana na akina mama. Binti aliyezoea kusimama mbele ya watu mia mbili katika mchezo hatatetemeka akisimama kudai haki yake.

4. WALIOTANGULIA

Tuwataje watu watatu.

Wa kwanza ni Sam Ntiro. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, Uganda, kisha London. Alirudi kufundisha Makerere. Picha zake nyingi zilionyesha maisha ya wakulima wa Uchagga. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba kubwa la sanaa la New York, Marekani. Jambo la kijijini kabisa, lakini walimwengu wanakwenda kulitazama. Tena tulipopata Uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo alitumwa London kuwa balozi wetu.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alifika Dar es Salaam kutafuta kazi. Miaka ya mwisho ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini, kwa rangi ya mafuta kama ile ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Alichora miaka michache tu. Lakini aliwafundisha ndugu na vijana waliokaa karibu naye. Mpaka leo uchoraji wa namna ile unaitwa kwa jina lake, na unawalisha wengi.

Wa tatu ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na marimba ya mkono. Alifanya kazi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Alipiga muziki wa Kigogo katika nchi nyingi za dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Chuo hicho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa.

Sasa mtu atasema, "Kumbe Tingatinga hakusomea sanaa sekondari! Basi shule ya nini?" Tujibu hivi. Sanaa haimwangukii mtu kama mvua. Wanafunzi wa Tingatinga walikaa karibu naye siku nyingi, wakatazama mkono wake. Zamani kijana alikaa hivyo na mjomba wake mchongaji. Leo kijana huyo anashinda shuleni kutwa, au analala bwenini. Mjomba anazeeka peke yake na tezo lake. Kama sanaa haifundishwi shuleni, mtoto ataifundishwa lini?

5. TUSEME KWELI

Haifai kuwadanganya wazazi. Si kila atakayesoma sanaa atakula kwa sanaa. Mapato yake hupanda na kushuka. Lakini pia si kila anayesoma baiolojia huwa daktari. Kwa hiyo mwanafunzi wa sanaa asiache Hisabati wala lugha. Anayechora vizuri lakini hajui kupiga hesabu ya rangi, mbao na siku zake za kazi, atauza kwa hasara huku akishangiliwa.

Ajue pia haki yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo wimbo, picha au kinyago kina mwenyewe. Mtu hana ruhusa kuvichukua na kuvifanyia biashara bila makubaliano. Kijana akiletewa karatasi atie sahihi, asome kwanza. Asiposoma anaweza kuuza wimbo wake milele kwa bei ya suruali.

Serikali zetu nazo zimeanza kuyapa masomo haya nafasi zaidi. Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya mwaka 2024. Elimu ya sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na sanaa imo katika fani za amali. Kenya nayo ilianza sekondari ya juu ya mtaala mpya mwaka 2026, na moja ya njia tatu za masomo ni sanaa na michezo. Lakini si kila shule ina mwalimu na vifaa. Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa, mzazi aende shuleni akaulize:

(a) Mwalimu wa somo hili yupo, na amelisomea?
(b) Watoto hufanya kazi za mikono mara ngapi kwa wiki, au huandika tu maelezo ubaoni?
(c) Vifaa gani vinatakiwa? Vipi vinapatikana hapa kwetu?
(d) Mazoezi ya jioni yanasimamiwa na nani, na watoto hurudi saa ngapi?
(e) Akimaliza anaweza kuendelea wapi? Kwa mfano TaSUBa, chuo cha ualimu, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Swali la nne wasilione dogo wazazi wenye mabinti. Mazoezi mema yana saa yake na msimamizi wake.

6. KIJIJI KINAWEZA KUSAIDIA

Vifaa vingine tunavyo. Mkaa huchora. Udongo upo mtoni. Ukindu upo. Makopo na magunia yapo. Na walimu wengine tunao: mfinyanzi, mchongaji, mpiga zeze, mzee wa hadithi. Kamati ya shule inaweza kumwomba mwalimu awaalike darasani. Wakija wapewe heshima ya mwalimu na chochote cha kuwashukuru, maana wameacha kazi zao.

Nyumbani, mtoto akirudi, tusiulize tu, "Umepata ngapi?" Tumwambie, "Nionyeshe kazi yako." Tuitazame. Tumwulize kwa nini ametumia rangi hii, au kwa nini mzee katika mchezo alinyamaza. Akieleza vizuri, anajifunza. Akikosa la kusema, twende tukamwone mwalimu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mtoto asiyetazamwa kwao ataanza vipi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Sanaa zimegawanyika mafungu gani mawili? Tajeni mifano ya kijijini kwenu.
2. Kwa nini chungu hupasuka kikichomwa kabla hakijakauka?
3. Kuandika wimbo kunafanana vipi na kuandika barua?
4. Baba anataka mtoto asome sanaa, mama hataki. Kila mmoja ana sababu gani nzuri?
5. Ni kazi gani ya sanaa hapa kwenu inayojulikana na wazee tu? Nani atajifunza kwao?

KAZI YA KUFANYA

Mwombe mzee mmoja akuimbie wimbo wa zamani. Andika maneno yake katika daftari. Andika pia jina la aliyekuimbia, na wimbo uliimbwa wakati wa shughuli gani. Mpe mtoto wa sekondari ausome.

MANENO YA SOMO HILI

Amali: kazi ya ufundi au ya mikono.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni.
Mkondo: njia ya masomo anayofuata mwanafunzi.
Nakshi: mapambo yaliyochorwa au kuchongwa.
Tezo: chombo cha kuchongea mti.