Waya Mmoja, Wodi Nyingi: Kutenga Mitandao ya Hospitali

Hospitali haimlazi mgonjwa wa kifua kikuu anayeambukiza katika wodi ya wazazi, ingawa wodi zote mbili zimo chini ya paa moja. Busara hiyo yahitajika pia katika mtandao wa kompyuta. Iwe ni hospitali ya rufaa kama Bombo mjini Tanga au zahanati ya Pangani, kompyuta za maabara, dirisha la malipo na simu za wageni zikiwa katika mtandao mmoja usiogawanywa, kirusi kilichoingia kupitia kifaa kimoja huweza kuvifikia vingine. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilienea kutoka kompyuta hadi kompyuta katika hospitali za Uingereza, na miadi ya wagonjwa wengi ikaahirishwa.

Kinga mojawapo ni mtandao pepe, ambao mafundi huuita VLAN. Swichi na nyaya hubaki zile zile, lakini kila kundi la vifaa hupewa namba yake, kati ya 1 na 4094. Kwa kanuni ya kimataifa ya 802.1Q, pakiti ya taarifa hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye namba hiyo, kama kichupa cha sampuli kinavyobandikwa jina la mgonjwa.

Kwa njia hiyo, seva yenye kadi moja ya Itheneti huhudumia makundi kadhaa. Hatua ni nne:

1. Kupanga namba, mathalani 10 maabara, 20 malipo, 30 wageni.
2. Kuhakikisha kwamba kadi na programu yake ya kuiendesha vinakubali lebo.
3. Kuunda kadi pepe kwa kila kundi ambalo seva inalihudumia, na kuipa anwani yake. Katika Linux, kadi pepe ya kundi la 10 juu ya kadi eth0 kwa kawaida huitwa eth0.10. Kundi la wageni halipewi kadi.
4. Kuruhusu namba hizo hizo katika tundu la swichi linaloungwa na seva. Namba zikitofautiana, mawasiliano hukatika ingawa taa zinawaka.

Kazi hii hufanywa saa zenye wagonjwa wachache, daftari za karatasi zikiwa tayari. Kisha hujaribiwa: simu ya mgeni isiweze kuifikia kompyuta ya maabara.

Hata hivyo, VLAN hutenga tu; haigeuzi majibu kuwa maandishi ya siri, na ruta inayounganisha makundi huhitaji masharti ya nani apite. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mhudumu asichomeke kifaa chake katika tundu la maabara, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake yanatunzwaje.