Wazee Wetu na Pombe: Tujifunze Kuuliza



Tukizungumza juu ya pombe, mara nyingi twataja vijana. Lakini katika maboma mengi yuko mzee anayekunywa polepole, hapigi kelele, hagombani na mtu, na hakuna anayemuuliza. Akianguka, twasema ni miguu. Akisahau, twasema ni uzee. Yawezekana ni kweli, na yawezekana ni pombe. Katika somo hili tutaona namna ya kujua, na namna kompyuta ilivyowasaidia wengine katika kazi hii.

KIKOMBE NI KILE KILE, MWILI SI ULE ULE

Mtu akizeeka, maji ya mwilini hupungua. Pombe huchanganyika na maji hayo. Kwa hiyo kikombe alichokunywa akiwa na miaka 40 bila shida, akifika miaka 70 humwingia damuni kwa nguvu zaidi.

Tena wazee wengi wanatumia dawa. Insulini na vidonge vingine vya sukari vikikutana na pombe vyaweza kushusha sukari mpaka mtu azirai. Dawa za presha pamoja na pombe huleta kizunguzungu mtu akisimama. Dawa za usingizi na pombe hupunguza pumzi. Aspirini na pombe zaweza kutoa damu tumboni.

Basi si lazima mtu awe mlevi ndio aumie. Kidogo tu chaweza kumdhuru aliye na ugonjwa na dawa. Hatutafuti walevi, twatafuta hatari.

MASWALI KUMI

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitengeneza maswali kumi yaitwayo AUDIT, yakatolewa katika kijitabu mwaka 1989. Yalijaribiwa katika nchi sita, na Kenya yetu ilikuwa mojawapo, pamoja na Australia, Bulgaria, Mexico, Norway na Marekani. Kwa hiyo si mambo ya kigeni kwetu.

Maswali matatu ya kwanza huuliza mtu anakunywa mara ngapi na kiasi gani. Matatu yanayofuata huuliza kama pombe imemshika: je, akianza hushindwa kuacha? Huhitaji kunywa asubuhi ili apate nguvu? Manne ya mwisho huuliza madhara: majuto, kusahau yaliyotokea, kuumia au kuumiza mtu, na kama jamaa au daktari amewahi kumwambia apunguze.

Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 4. Jumla ya juu ni 40. Mtu akifika 8, kuna hatari. Lakini kwa wanawake, na kwa wanaume waliopita miaka 65, kijitabu cha WHO chashauri kuanza kuangalia kwenye 7.

KOMPYUTA ILIFANYA NINI?

Mara nyingi mzee akiulizwa na daktari uso kwa uso hupunguza hesabu. Ni aibu, hasa daktari akiwa na umri wa mjukuu wake. Huko Glasgow, Uskoti, utafiti wa mwaka 1977 ulionyesha kwamba wagonjwa waliiambia kompyuta kiasi kikubwa cha pombe kuliko walichowaambia madaktari. Mashine haishangai, haina haraka, wala haimjui binti yako.

Baadaye, huko California, Marekani, wataalamu walitengeneza programu ya watu wa miaka 65 na zaidi. Haikuuliza pombe peke yake. Iliuliza pia magonjwa, dawa, na kama mtu anaendesha gari baada ya kunywa. Kisha ikajumlisha yote na kutoa ripoti, moja ya mgonjwa na nyingine ya daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ripoti hizo zilisaidia kupunguza unywaji wenye madhara.

Hapo tujifunze mambo mawili. Kwanza, mzee husema kweli akiulizwa faraghani bila kulaumiwa. Pili, swali la pombe liende pamoja na swali la dawa. Haya mawili hayahitaji umeme.

KUHESABU POMBE YETU

WHO huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa hiyo mzee akisema "moja tu," hesabu mbili. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 ya asilimia 40, ina karibu vinywaji 8.

Chang'aa ya kienyeji haina kibandiko, na nguvu yake hubadilika kila inapopikwa. Hakuna glasi ya kuipimia. Na busaa inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, nani atahesabu? Hapo uliza siku ngapi kwa wiki, anakaa chunguni kwa muda gani, na alifikaje nyumbani.

TUFANYE NINI?

1. Msimwulize mzee mbele ya mkutano. Aulizwe na mmoja anayemwamini. Asiwe mkwe wake, maana hapo heshima itafunga mdomo.

2. Anza na dawa: "Baba, siku hizi wanakupa dawa gani?" Halafu: "Na pombe je, wiki iliyopita ilikuwa siku ngapi?" Sikiliza. Usihubiri.

3. Majibu yasiandikwe katika kitabu cha kikundi. Siri ikitoka mara moja, hakuna mzee mwingine atakayesema.

4. Alama si ugonjwa. Mzee asindikizwe kituo cha afya na dawa zake zote mfukoni, mhudumu aamue.

5. ONYO: Anayekunywa sana kila siku asikatazwe ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo au kupata kifafa, akimbizwe hospitali. Aweza kufa.

6. Angalieni kilichompeleka kwenye pombe. Kama ni upweke wa kufiwa au watoto kuhamia mjini, apewe nafasi: kutunza kitalu cha miche, au kuwa mshauri wa kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni mambo gani tunayoyaita "uzee" ambayo yaweza kuwa ni pombe?

2. Mama wazee wanaokunywa huku wamejificha nyumbani, tutawafikiaje bila kuwaaibisha?

3. Mwanakikundi anayepika pombe kulipa karo ya watoto, tutamsaidiaje apate njia nyingine?

4. Ni nani kati yetu anayeaminiwa na wazee? Mchagueni kabla hamjafunga mkutano, na mmoja wenu aende kituo cha afya wiki hii kuuliza wako tayari kupokea wazee siku gani.