TOHARA YA MTOTO MCHANGA: NJIA ZAKE, HATARI ZAKE NA WAJIBU WA MZAZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu Waislamu wa Kaniama. Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), darasa letu la Ijumaa hii ni juu ya tohara ya mtoto mchanga. Watoto wa kiume wanazaliwa katika jamaa zetu, na siku ya saba inapokaribia baba huuliza: nani atamtahiri? Swali lake ni zuri. Ila lipo lingine la kuuliza mbele yake: atamtahiri namna gani?

1. HUKUMU NA WAKATI WAKE

Mtume (s.a.w.) ameihesabu tohara katika mambo matano ya maumbile, yaani fitra, pamoja na kukata kucha na kupunguza masharubu. Kwa Imamu Shafii tohara ni wajibu; kwa Imamu Malik ni sunna iliyotiliwa nguvu. Wanavyuoni wa Kishafii wameipendekeza siku ya saba, lakini hao hao wamesema mtoto aliye dhaifu acheleweshwe mpaka apate nguvu. Basi anayesema "siku ya saba ikipita sunna imepotea" hajaisoma habari mpaka mwisho. Dini haikumtaka mtoto mgonjwa apelekwe kwenye kisu.

2. NJIA ZINAZOTUMIKA

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa kitabu cha kufundisha waganga kutahiri watoto wachanga kwa sindano ya ganzi. Humo zimeelezwa njia tatu za vifaa.

Ya kwanza ni Gomco. Kengele ndogo ya chuma huvalishwa kichwa cha dhakari chini ya govi, kisha bamba la chuma hulibana govi kwa dakika kadhaa mpaka mishipa ya damu ifunge, ndipo linakatwa. Wema wake ni kuwa kichwa kimefunikwa na kengele, kisu hakikifikii. Ubaya wake ni kuwa ina vipande vingi. Kengele ya saizi moja ikitiwa kwenye bamba la saizi nyingine, haibani sawasawa, na damu hutoka.

Ya pili ni Mogen. Hii ni chuma chenye mwanya mwembamba. Govi huvutwa, hupitishwa mwanyani, hubanwa na kukatwa. Ni ya haraka na haina vipande vya kupotea. Hatari yake ni kuwa mkataji hakioni kichwa cha dhakari wakati wa kukata. Kama govi halikubanduliwa vizuri kwanza, ncha ya kichwa inaweza kuingia mwanyani na kukatwa pamoja nalo.

Ya tatu ni Plastibell. Pete ya plastiki huwekwa ndani ya govi, uzi hukazwa juu yake, na govi hukatwa. Pete hubaki mwilini na hudondoka yenyewe baada ya wiki moja hivi. Ikikawia, au ikiteleza nyuma na kubana, mtoto arudishwe kwa mganga upesi. Mzazi asiing'oe kwa mkono.

Wako pia madaktari wanaokata kwa mkasi na kushona bila kifaa. Kwa mtoto mchanga kazi hiyo yataka mkono uliozoea. Na jambo moja lisisahaulike: kisu cha umeme kisitumiwe kamwe pamoja na kibano cha chuma, kwani moto huo waweza kuiunguza dhakari yote.

3. MATOKEO YAMESEMA NINI

Jirani zetu wa Afrika Mashariki wamewahesabu watoto wao baada ya kuwatahiri, nasi tujifunze kwao.

Katika Nyanza, Kenya, watoto 1,239 walitahiriwa kwa Mogen, na matokeo yakatolewa mwaka 2012: waliopata madhara walikuwa 2.7 kwa mia. Watoto waliofikisha mwezi mmoja na zaidi walipata madhara kuliko wadogo, lakini madhara hayakutofautiana kwa idadi ya tohara alizokwisha kufanya mganga. Katika Iringa, Tanzania, kati ya Aprili 2013 na Desemba 2014, watoto 2,084 walitahiriwa. Madhara ya kuhesabika yalikuwa 0.4 kwa mia, na wote walitibiwa wakapona.

Sasa tazameni Bungoma, Kenya, kwa wavulana wakubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliona kuwa waliokatwa kimila, 35 kwa mia walipata madhara. Waliokatwa na waganga walikuwa 18 kwa mia. Hilo ndilo fundisho kubwa: koti jeupe peke yake halitoshi. Kinachomlinda mtoto ni mkono uliofunzwa, chombo kilichochemshwa na kutakaswa kwa mtoto mmoja mmoja, na kumtazama baada ya kazi.

4. MZAZI AULIZE NINI

Kabla ya kumtoa mtoto, uliza: Umefundishwa njia gani, na umeifanya mara ngapi? Utampa ganzi? Vyombo vimetakaswaje? Damu ikitoka usiku, tukukute wapi?

Nawe useme kweli: kama katika ukoo kuna watu ambao damu yao haikatiki, mweleze mganga. Mtoto awe amepata vitamini K, kwani katika siku za mwanzo damu yake ni nzito kuganda. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia au aliye chini ya kilo 2.5 angojee. Na yule ambaye tundu la mkojo halikukaa penye ncha asitahiriwe hata kidogo mpaka daktari mpasuaji amwone, kwa sababu govi hilo ndilo litakalotumika kumtengeneza.

Baada ya kazi, usipake jivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya majani. Pepopunda huingia kwa njia hiyo. Mtoto wa kilo 3 ana damu robo lita hivi tu mwilini mwake. Kikwembe kikilowa, usingoje asubuhi. Rudi pia akikosa kukojoa kwa saa 12, akipata homa, akikataa ziwa, usaha ukitoka au kichwa cha dhakari kikiwa cheusi.

5. DHAMANA

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu, akaharibu, ana dhamana ya alichokiharibu. Hukumu hii inamfikia mtahiri wa nyumbani na mwenye koti jeupe pia. Na sisi wazazi na wazee, tukiona mtoto ameharibiwa tukanyamaza ili kumstahi mtahiri, kesho tunampelekea mtoto mwingine. Kumstahi mtu mzima kusiwe juu ya mwili wa mtoto asiyeweza kusema.

Mtoto ni amana. Sunna tuitimize, na amana tuirudishe nzima.

Ewe Mola, walinde watoto wetu, uwape waganga wetu elimu na huruma, na utujaalie wazazi wenye kuuliza kabla ya kujuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.